Mke wa Nambari 214

Siku yangu ya kwanza ya ukarani nilifika kantini kabla ya mlinzi mwenye ufunguo. Nilikuwa nimetoka Masisi kwa miguu, nikalala Ntoto, kisha nikaingia msitu wa Walikale nimebeba viatu mkononi visichafuke. Ilikuwa miaka ya sitini, kwenye machimbo ya bati. Hesabu nilijifundisha mwenyewe, na niliogopa kwamba siku moja mtu angegundua.

Ninyi mnaolipa kwa simu, sikieni jinsi tulivyofanya. Kantini ilikuwa duka la kampuni. Kila mchimbaji alivaa shingoni jeton, kipande cha shaba chenye nambari. Mke wake alikuja kuchukua chumvi, mafuta au kitambaa, akataja nambari ya mumewe, mimi nikaandika, na mwisho wa mwezi bei ikakatwa kwenye mshahara. Nambari ndiyo ilikuwa pesa. Lakini kila asubuhi kwenye apeli, yaani ukaguzi wa wachimbaji kabla ya kazi, kapita, msimamizi wao, alizitaja nambari hizo kwa sauti mbele ya kambi nzima.

Sikuwa na ndugu pale, wala lugha ya wenyeji sikuijua. Jioni nilikaa chumbani kwangu nikirudia hesabu za mchana. Nambari zote zilikuwa kichwani mwangu. Nyuso sikuzijua, maana niliandika nimeinama.

Basi mwezi mmoja mchimbaji wa nambari 214, mtu wa vilima vya Masisi kama mimi, alikwenda kupokea mshahara akaambiwa umekwisha wote kantini. Samaki wa chumvi, vitenge, mafuta, vitu ambavyo nyumba yake haikuviona. Mkuu wa kantini, mtu wa mji aliyependa mambo ya haraka, akatoa amri: nambari peke yake haitoshi tena. Kila mwanamke ataje pia jina la baba wa mumewe. Mwizi, alisema, hawezi kulijua.

Siku iliyofuata mwanamke alitaja 214, akataja jina la mzee bila kusita, akaondoka na mafuta. Kesho yake akaja mwingine, Mama Sifa, naye akataja 214. Nikamuuliza jina. Akatazama chini. Nikauliza tena. Akashika ncha ya kitenge chake.

Mkuu akatoka ofisini. “Njo huyu mwizi,” akasema, akimnyoshea Mama Sifa kidole. “Ule wa jana alijibu muzuri.”

Mume wa Mama Sifa alikuwa amepelekwa kwenye shimo la mbali kwa wiki nzima, na mkuu hakutaka kumngoja. Alikwisha kumwita mlinzi amtoe mama yule kambini, yeye na vyungu vyake.

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Babu yangu mzaa baba aliitwa Kabuye, jina lililotoka kwenye neno la lugha yetu lenye maana ya jiwe, na mama hakulitamka neno hilo maisha yake yote. Alipotaka mafiga, yale mawe ya kupikia, alituambia, “Muniletee bile bigumu,” yaani vile vitu vigumu. Kwetu mke halitaji jina la baba mkwe.

Nikaweka kalamu chini, nikamwambia mkuu, “Chef, ule wa jana njo mwizi.”

“Juu ya nini?”

“Juu alijibu.”

Nikamweleza mwiko huo, akacheka sana. Akasema ninatetea watu wa kilima changu, na kwamba atangoja mpaka Jumamosi. Kama nimekosea, nitarudi Masisi pamoja na huyo mama. Siku hizo sikula vizuri.

Jumamosi yule mwanamke wa kwanza alirudi. Mkuu akamwambia ataje jina kwa nguvu, eti yeye hasikii vizuri. Akalitaja. Akaombwa tena, akalipaza zaidi. Wanawake wa Masisi waliokuwa kwenye mstari wakatazamana. Kisha mmoja akasema, “Eh, dada, baba mukwe yako unamuita kama vile unafukuza kuku?” Mstari wote ukaangua kicheko, na yule mwanamke akaweka chupa ya mafuta juu ya meza, polepole. Alikuwa mke wa kapita. Jina na nambari alivipata nyumbani kwake, katika daftari la mumewe la apeli.

Mshahara ulirudishwa. Tangu hapo wanawake wa kwetu walikuja wawili wawili, jirani akilitaja jina kwa niaba ya mwenzake. Niliinua kichwa nikawatazama wakiondoka pamoja. Mimi nilifunga mlango peke yangu.

Baadaye nilihamishiwa ghalani, kisha ofisi ya mishahara, ambako mkuu mmoja aliniita Papa Virgule, yaani Baba Mkato, kwa jinsi nilivyohangaikia kila alama. Nilistaafu nikarudi Masisi. Mke wangu amefariki, na wa rika langu waliokuwa wakiniita kwa jina nao wamefariki. Wakwe zangu, wake za wanangu, wananiita Papa tu, kwa heshima.

Juzi mmoja wao alikwenda zahanati kunichukulia dawa, akarudi mikono mitupu. Nilimuuliza sababu. Akatazama chini, akashika ncha ya kitenge.

Nikavaa viatu, nikaenda mwenyewe. Muuguzi akauliza, “Jina, Papa?” Nikalitaja. Nilikuwa sijalisikia muda mrefu, na nusura nigeuke kuona ni nani anayeitwa.