Ombi Lililojifuta

Mpwa wangu tulimpa jina la Injinia tangu akiwa mdogo, pale alipoifungua redio yangu kwa bisibisi, akairudisha na skrubu pungufu, na bado ikaimba. Akili hiyo ameitoa kwangu. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa, lakini redio ile ikikohoa nilikuwa naipiga kofi moja tu inanyooka. Simu za siku hizi ukizipiga kofi zinapasuka kioo. Chombo kisichovumilia kofi mimi sikiamini.

Injinia akakua, akaajiriwa kuandika programu za kompyuta. Kampuni yao inauza programu ya kuombea likizo. Mfanyakazi anabonyeza kwenye simu, bosi wake anabonyeza ndiyo au hapana, basi, hakuna kubembelezana mlangoni. Sehemu kubwa ya programu hiyo kaiandika mpwa wangu, na mwenyewe hajui likizo inafananaje.

Mama yake, dada yangu, ni fundi cherehani. Macho yalianza kumwisha. Daktari akasema ni presha ya macho: kilichoondoka hakirudi, na kilichobaki nacho kinaaga. Dada hakulia. Alitoa kitambaa cha njano akaanza kumshonea binti yake gauni.

"Nataka kumwona nalo mwilini," akaniambia. "Nenda ukamwite, aje nikiwa bado naona."

"Si umpigie simu?"

"Kwa simu atasema ana kazi. Wewe ukikaa mbele ya mtu hutoki mpaka upate."

Nikaenda. Ofisini kuna viti vinavyozunguka. Nilijaribu kimoja mpaka nikashikwa na kizunguzungu. Vijana wote wameziba masikio kwa vifaa, hata salamu yangu ikakosa pa kutua.

"Hapa likizo haina kikomo, Mjomba," Injinia akasema. "Unachukua kadiri unavyotaka."

"Sasa mbona mmejaa wote?"

Akacheka kidogo. "Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka."

"Bosi wako yuko wapi nimwambie?"

"Yule pale." Alikuwa meza ya jirani, anakula biskuti. Nikainuka. Injinia akanivuta shati. "Mjomba, usinitie aibu. Tuna utaratibu wetu." Akabonyeza simu yake mbele yangu. "Tayari. Nimeomba."

Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamtangazia dada kwamba mambo nimeshayamaliza.

Dada akamaliza gauni, akalitundika mlangoni. Kila jioni anampigia binti yake.

"Ruhusa imetoka?"

"Bado, mama. Bosi hajajibu."

"Umemuuliza?"

"Nikimuuliza ataona namsukuma."

Gauni likaendelea kuning'inia. Siku moja dada akaniambia nifungue dirisha, mbona chumba kimekuwa giza hivi. Ilikuwa mchana, na dirisha lilikuwa wazi. Nikaenda nikalifunga, nikalifungua tena, ili asikie mlio wake.

Nikampigia Injinia. Safari hii hakubonyeza kitu. Alimwendea bosi wake palepale mezani.

"Ombi gani?" bosi akashangaa. "Mimi sijaona ombi. Ungeniambia tu, tunakaa pamoja hapa. Ningekuruhusu siku ileile."

Injinia akaja jioni hiyo. Mama yake alimpapasa uso, akamwambia amekonda, akamtuma akaoge. Alipotoka kuoga akakaa nami barazani, nywele zinadondosha maji, akanieleza. Wateja wao wakubwa walilalamika kwamba maombi yanawarundikania. Wakataka ombi likikaa bila kujibiwa lijifute lenyewe, kimya kimya, lisimsumbue mtu. Aliyepewa kazi ya kuliandika hilo ni yeye.

"Bosi wangu huwa hafungui ile programu," akasema. "Langu lilikuwa limeshajifuta, na mimi nasubiri jibu. Hilo la kujifuta nililijaribu mwenyewe kabla hatujaliuza, Mjomba. Lilifanya kazi vizuri sana."

Utani wa redio na kofi ulikuwa umenifika mdomoni. Nikaumeza.

"Nyie huko nje," dada akaita. "Mlete huyo mtu avae."

Injinia akavaa. Dada akapitisha vidole kiunoni, ubavuni, mgongoni, vikasimama kwenye bega la kushoto.

"Hapa pamevuta."

"Hapajavuta, mama. Limekaa vizuri."

"Pamevuta. Nilishona naona ukungu. Nilisema nikikuona nalo nitalifumua." Akalilainisha bega kwa kiganja, kama anayepiga pasi. "Hebu simama penye mwanga."

Injinia akasogea dirishani. Dada akageuza uso, akautuliza kidogo pembeni ya pale aliposimama binti yake.

"Njano imekukubali?"

Injinia akanitazama. Nikamjibia.

"Imemkubali, dada."

Bega limevuta kweli. Mafundi wengine wamejitolea kulinyoosha, Injinia amekataa. Gauni hulivaa hivyohivyo kazini, na anayemuuliza humwambia ndivyo lilivyoshonwa.