Paa Aliyeletwa Bila Kichwa

Mimi si mtu wa hasira. Mwenyezi Mungu amenipa mengi, na subira nimeizoea. Lakini miaka ya tisini ilipikwa nyama moja jikoni mwangu, na hata leo nikiikumbuka sauti hunipanda.

Mke wangu alikuwa ametoka kuugua homa ya matumbo. Alhamdulillahi alipona, ila alibaki hana nguvu hata za kukunja mkeka. Kila chakula alikisukuma. Kitu kimoja tu alikitamani: paa. Yeye ni wa ng'ambo ya feri, huko nyuma ya Likoni, na marehemu baba yake alikuwa mwindaji.

Ndugu yake, shemeji yangu, alifanya kazi ya kupakia magunia kwenye maghala ya Shimanzi, na siku za mapumziko alikwenda kwao na mbwa wake. Sheria ilikuwa imekataza uwindaji, nami nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Alinijibu kwamba paa nao hawana ruhusa ya kula kunde zake.

Akaja na nyama ndani ya kikapu, imeshachunwa, imeshakatwa.

"Kichwa kiko wapi?" mke wangu akauliza. Kwao nyama ya porini huletwa na kichwa chake na ngozi yake, ili anayepewa ajue anakula nini. Tena kichwa ndicho supu ya mgonjwa.

"Kimeanguka kwenye feri, dada. Watu walivyojaa!"

"Na ngozi nayo ikaruka majini?"

"Wee! Wewe mgonjwa au mkaguzi? Kula upate nyama ya mashavu."

Mke wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipoanza kuugua. Alikula, akaomba tena, na mimi nikashukuru.

Kesho yake baada ya alasiri, mtu alipiga hodi mlangoni kwetu. Alikuwa mfanyakazi mwenzake shemeji, Mkristo wa bara, amebeba gunia kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili.

"Mzee, mimi si wa dini yenu," alisema, "lakini nimesikia hapa pana mgonjwa. Shemeji yako alinipa ngozi hii nikaitupe. Nimeona bora muione kwanza."

Alilifungua juu ya baraza. Ilikuwa ngozi ya paa, na kichwa bado kimeshikamana nayo. Kutoka shingoni hadi kifuani palikuwa na chunjua nyeusi, ngumu, zisizo na manyoya, nyingine kubwa kama kungumanga. Machoni zilikuwa zimesongamana hata mboni hazionekani. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliangalia, akarudi ndani.

Nilikwenda Shimanzi kwa miguu, nikipita kati ya malori, ulimi wangu ukitafuta kumtaja Mungu na usipate. Nilimkuta ameketi juu ya magunia pamoja na wenzake.

"Ulimwona alivyo yule paa?"

"Nilimwona. Kwani vipi?"

"Alikimbia?"

"Akimbie wapi, shemeji, na macho yale? Mbwa walimkuta amesimama tu."

"Basi hukuwinda," nikamwambia. "Uliokota."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akaruka chini, uso umemwiva. "Nimemchinja kwa bismillahi! Ni halali! Wewe uliyesoma chuoni kanusha basi!"

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kwenye chuo cha Kurani nilisomeshwa kwamba chakula kiwe halali na kiwe chema, yote mawili. Na huyu alilishika jina la Mungu kama kifuniko cha sufuria. Nilimwambia afuatane nami, akafuata.

Tulipitia nyumbani, tukalichukua lile gunia hadi Bondeni, kwa jirani mmoja wa zamani aliyestaafu ukaguzi wa nyama. Aliibonyeza ngozi kwa kijiti, akaigeuza upande wa ndani.

"Huu ni ugonjwa wa ngozi," alisema. "Mara nyingi chunjua hizi hukauka, zikaanguka zenyewe, na mnyama akaishi. Kungekuwa na usaha au nyama imeoza, ningesema mtupe yote. Hapa sioni. Mgonjwa wenu hatadhurika, inshallah. Lakini mimi mnyama huyu ningemwacha apone."

Nilimshukuru Mungu pale pale. Nilikuwa bado na mikono juu, shemeji akanigusa bega.

"Umeona sasa? Umenipigia kelele mbele ya watu bure."

Bure! Kama nyama ingekuwa mbaya, ningemkasirikia kwa kutojua. Lakini alijua ya kumtosha, ndiyo maana akaificha ngozi. Alimchukua mnyama asiyeona, akamlisha mgonjwa naye asione, kisha akataka ashukuriwe kwa kuwa hakufa mtu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameketi jikoni, chungu kimeoshwa na kufunikwa. Nilimweleza maneno ya yule mkaguzi. Alimgeukia nduguye.

"Baba angemchukua paa huyu?"

Shemeji akavua kofia.

"Nakuuliza wewe."

"Asingemchukua. Angemwacha."

"Ungeniambia, kaka," mke wangu akasema. "Ile hamu niliyokuwa nayo, pengine ningekula vivyo hivyo. Ila ningekula mimi, nikijua."

Shemeji alivaa kofia yake akaondoka. Kahawa aliyowekewa hakuigusa. Mimi sikumwita.

Alirudi baada ya muda mrefu, na hakuleta tena nyama. Huleta mihogo na machungwa. Akiingia tu hukimwaga kikapu chote sakafuni mbele ya dada yake na kugeuza kila kimoja pande zote, penye doa apaonyeshe kwa kidole. Mke wangu huchagua anachokitaka. Mimi hupokea, husema alhamdulillahi, na hasira yangu hukaa pale pale.