Mto Ulipokuja Jua Likiwaka

Nilichaguliwa kupuliza firimbi ya mafuriko kwa sababu duka langu la vitenge liko jirani na mto na simu yangu haizimwi. Katekista aliongeza, mbele ya watu wote, kwamba mwenye sauti kama yangu hahitaji hata kipaza sauti. Watu wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, hapa Bwera, mvua za masika zikiwa zimeanza kunyesha kidogo kidogo.

Hatukucheka sana. Masika yaliyotangulia, mto Lubiriha ulikuwa umebomoa nyumba za upande wetu wa bondeni, na kila aliyeketi kwenye yale mabenchi alikuwa amepoteza kitu. Ndiyo maana ofisa alipokuja kutoka wilayani, Kasese, tulimsikiliza kwa makini.

"Msiangalie mbingu ya hapa," alituambia. "Mto huu unajazwa na mvua ya kule milimani. Hapa mnaweza kuwa mnaanika nguo, kumbe maji yako njiani."

Redio ingetutangazia majuma ya mvua kubwa, alisema, ila saa yenyewe redio haiwezi kuijua. Kwa saa yenyewe tungemtegemea mama mmoja anayelima huko juu, pale mto unapotoka mlimani. Karibu na shamba lake ilisimikwa nguzo ya chuma iliyopakwa rangi tatu. Maji yakigusa rangi ya njano, angenipigia simu nikae tayari. Yakigusa nyekundu, ningepuliza firimbi, na watu wote wa bondeni wangepanda kanisani. Hakuna kuvuka daraja. Hakuna kurudi kuchukua godoro wala kuku. Mama huyo sikuwa nimewahi kumwona. Nilimjua kwa sauti tu, sauti nyembamba yenye kikohozi.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kikongomani, mzaliwa wa Butembo, aliyevuka mpaka na mumewe miaka mingi nyuma wakikimbia vita. Aliuza samaki wakavu waliotoka ziwani, Kahendero. Mumewe alikuwa mnunuzi wa kahawa zamani zake, mtu wa miraba minne, hadi kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia na kumwacha na maneno machache. Kila jioni mkewe alimketisha mlangoni, na kila aliyepita alisalimiwa kwa mkono wa kushoto ulioinuliwa polepole. Watoto wa mtaani walikuwa wakirudi kupita mara ya pili ili wasalimiwe tena.

Simu ya kwanza ilikuja siku ya mvua. Nilipuliza, tukapanda, tukasongamana kanisani na watoto wetu na mabeseni yetu. Mto ulijaa hadi ukingoni, ukakaa hapo, kisha ukaanza kushuka. Tuliporudi nyumbani tulimkuta jirani yangu amekaa kitandani karibu na mumewe, rozari mkononi. Hawakuwa wametoka.

"Mama, hukusikia firimbi?" nikamwuliza.

"Nilisikia, dada. Ile firimbi yako iko ya batu beko na miguu."

Alisema hivyo bila hasira, kwamba firimbi ni ya watu wenye miguu, akaenda kuwasha jiko. Nilimpelekea katekista maneno yake. Akasema ni kweli, hilo lilitupita, tutalizungumza mkutano ujao. Mkutano haukuwahi kufika kabla ya mto.

Ilikuwa siku ya soko. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba wauza nyanya walikuwa wamefunika bidhaa zao kwa magunia yaliyoloweshwa. Nilikuwa napimia mteja kitenge simu ilipolia.

"Mama, maji imebadilika," ile sauti nyembamba ilisema, ikihema. "Njano imepita mbio, sasa ni nyekundu. Inaleta miti mizima. Mawe inalia ndani. Toa watu, mama! Toa watu!"

Simu ikakatika. Nilitoka nje nikapuliza firimbi hadi masikio yangu yakaziba.

Watu waliinua macho mbinguni. Hakukuwa na wingu hata moja juu ya soko. "Mama, mvua iko wapi?" kijana mmoja wa bodaboda akauliza, na walio karibu naye wakacheka. Mteja wangu aliendelea kukunja kitambaa. Nilipiga kelele kwamba mvua imenyesha mlimani, nikawakumbusha maneno ya ofisa, lakini waliosogea walikuwa wachache, nao walisogea kama watu wanaokwenda kutazama kitu.

Hapo ndipo jirani yangu aliposimama nyuma ya samaki wake. Alikuwa mama mfupi, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata siku moja. Alipanda juu ya kreti.

"Batu!" aliita. "Mimi nilikimbia vita mara nyingi. Sura ya mutu anasema kweli naijua. Muangalie sura ya huyu mama! Muache bintu, mupande!"

Kisha akayarudia yale yale kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, na sauti yake ikapasuka. Sijui ni nini hasa kilichowagusa. Labda ni kumwona muuza samaki akiacha samaki wake wote juu ya gunia. Walianza kuondoka, kwanza wanawake wenye watoto mgongoni, halafu soko zima likageuka kuelekea kilimani.

Yeye peke yake alikimbia kuteremka. Nilijua anakwenda wapi, nikamfuata, na njiani niliwashika mashati vijana wa kusukuma mizigo, kila niliyemfikia. Wanne walikuja. Mzee alikuwa kitandani, macho yamemtoka, maana alikuwa ameshausikia mto. Hatukuwa na machela. Tuling'oa mlango wa nyumba, tukamlaza juu yake, mkewe akamfunga kiunoni kwa kitenge.

Njia ya kupanda kanisani ni ya udongo na ina mteremko mkali. Tulimbeba ovyo, kama watu waliojaa hofu, miguu ikiwa mbele na kichwa kikining'inia nyuma kuelekea bondeni. Alikohoa, akajitapikia, akapaliwa na matapishi yake, na hatukuwa na nafasi ya kumgeuza. "Baba, vumilia, tumefika," mkewe alimwambia njia nzima, hata pale tulipokuwa hatujafika nusu.

Tulipomweka chini kwenye ua wa kanisa, maji yalifika. Mlio wa maji yale ulikuwa kama wa malori mengi yakimwaga mawe kwa pamoja. Nyumba zetu hazikuanguka kwa kishindo. Zilikaa chini tu, moja baada ya nyingine, zikaondoka. Watu hawakulia. Jua lilikuwa bado linawaka juu ya vichwa vyetu.

Nilipompata tena yule mama wa mlimani kwenye simu, alikuwa amehamia kwa ndugu zake. Mto ulikuwa umechukua maharage yake na kibanda cha mbuzi. "Nilikuwa napigia wewe," alisema. "Nikaangalia nyuma, mbuzi haiko." Ni yeye aliyenipa pole.

Ofisa alirudi kutoka Kasese akatupongeza: bondeni kwetu maji hayakuua mtu. Ni kweli, nami niliposikia nililia kwa shukrani. Lakini tulikuwa tukilala kwenye madarasa ya shule, kwenye sakafu ya saruji, na kifua cha mzee hakikupona tangu siku ile. Alikohoa majuma kadhaa. Alfajiri moja mkewe aliniamsha kwa kunigusa bega, akasema tu, "Dada, amepumuzika." Tulimzika upande wa juu, mbali na mto. Katika hesabu ya waliouawa na mafuriko hayumo.

Mkutano ambao mto uliutangulia ulifanyika baada ya arobaini yake, wengine wetu wakiwa wameanza kurudi bondeni. Jirani yangu alivaa nguo nyeusi, akasimama bila kuombwa.

"Sina neno na firimbi," alisema. "Firimbi ilifanya kazi yake. Ninauliza moja tu: nani atabeba nani?"

Mtu wa nyuma akamtaja bibi yake kipofu. Mwingine akamtaja dada yake aliyejifungua kwa upasuaji juzi. Kabla ya jua kutua, kila mtu wa bondeni asiyeweza kutembea alikuwa na watu wake wanne, na mafundi seremala walikuwa wamekubali kutengeneza machela.

Jumamosi iliyofuata tulifanya mazoezi. Kila mtu alitaka kubeba, hakuna aliyetaka kubebwa, maana ilionekana kama kujitabiria mabaya. Jirani yangu alivua kandambili, akalala kwenye machela, akajifunika kitenge hadi kifuani.

"Kichwa kikae juu, ku mulima," aliwaambia vijana. "Na musikimbie."

Walimwinua. Nilitembea ubavuni kwake hadi juu. Alitazama mbinguni tu, mikono yake imeshika mbao za pande zote mbili, na vijana walikwenda polepole, wakihesabu hatua kwa sauti ya chini.