Mke Mwenzangu Ndiye Anayetaka Kuniosha

Admin, tafadhali ficha jina langu. Mji wa Nyeri ni mdogo, na sisi Waislamu wa hapa ni wachache zaidi. Mimi ni bibi wa miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu. Moyo wangu umechoka na daktari ameacha kunidanganya. Naandika kwa kidole kimoja huku nikipumzika, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo, nikasilimu nilipoolewa na muuza nyama mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baadaye akaoa mke wa pili, msichana wa Timau ambaye shule aliiacha mapema. Nitamwita Mama Zena. Mkidhani wivu wangu ni wa mume, mmekosea. Huo uliisha kitambo. Mzee alipofariki tulikaa eda katika chumba kimoja. Ninachomwonea wivu Mama Zena ni shida zake.

Ndiyo, shida. Mimi nilikuwa na mshahara, watoto wangu wote wako hai, na Makka nimeenda. Yeye ameuza viazi karai kando ya barabara, nyumba yake iliungua, na Zena, binti yake wa pekee, alifariki akijifungua. Baada ya kila pigo alisema "Alhamdulillahi," akarudi kwenye karai lake. Akina mama msikitini wakawa wananong'ona kwamba huyu anapendwa na Mungu, maana Mungu humjaribu ampendaye. Nami nimeketi papo hapo na tasbihi yangu ya Makka, najiuliza: na mimi ambaye sikujaribiwa, sikupendwa?

Kisha ugonjwa ukaja. Mtanicheka, lakini nilipoambiwa ni moyo, kitu fulani ndani yangu kilifurahi. Nikasema, sasa ni zamu yangu. Nikaungoja ule utulivu ninaouona usoni mwake. Haujaja hadi leo. Miguu imevimba, silali ila nimeketi, na mahali pa subira pana hasira. Sheikh alikuja kunitazama, akanieleza kwamba maradhi humpunguzia muumini madhambi. Nikamwuliza, "Sheikh, mbona mtihani wa Mama Zena ulikuja na subira ndani, na wangu umekuja mtupu?" Akakoroga chai yake kwa muda mrefu, akaniombea dua, akaondoka.

Sasa sikilizeni kinachonikosesha usingizi. Wanawake wanaojua kuosha maiti kwa taratibu zetu ni wachache huku kwetu, na anayetegemewa ni Mama Zena. Hata Kerugoya na Kutus humwita. Ana desturi yake ambayo wenzake humcheka: hakubali kuosha maiti kwa maji baridi. Huyapasha moto kwa kuni, kisha akatia kiwiko ndani kuyapima, kama anayetaka kuogesha mtoto mchanga.

"Wee Mama Zena, kwani maiti inasikia baridi?" wenzake humwuliza.

"Haisikii. Mimi ndio nasikia."

Wiki jana aliniletea uji, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwalimu, nataka kukuuliza kitu, na usinitupie hiyo kikombe."

"Uliza."

"Siku yako ikifika, nikuoshe mimi? Ama uko na mtu mwingine? Sitaki kukugusa kama hutaki. Sasa ukiwa hai ndio unaweza kusema."

Mwoshaji huona kila kitu, na watu wetu huamini kwamba uso wa aliyeridhika na Mola wake hung'aa. Wangu atauona yeye. Atajua kwamba mke mkubwa, Hajati, mwalimu wa watu, ameondoka amekunja uso. Najua mwoshaji haruhusiwi kutoa nje aibu aliyoiona. Lakini yeye atakuwa ameiona, na hilo linatosha kunichoma.

Nikamjibu kwa ukali, "Wewe hukulia hata ulipomwosha Zena. Mtu mwenye moyo kama huo aje aniguse mimi?"

Alinitazama, kisha akacheka kidogo.

"Ati sikulia? Na hiyo masomo yako yote, Mwalimu! Si mimi ndio nilikuwa namwaga maji? Uso yangu ilikuwa imelowa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nani angejua gani ni maji na gani ni mimi?"

"Na ile Alhamdulillahi?"

"Hiyo nilikuwa nasema ndio nisiseme ile ingine."

Akachukua kikombe, akaenda kukiosha.

Mtadhani wivu uliniisha hapo. Haukuisha, ulihama tu. Zamani nilimwonea wivu nikidhani haumii. Sasa namwonea wivu kwa sababu aliumia vile, na bado akapata neno la kumwambia Mungu. Mimi nikifungua mdomo nalalamikia mto wa kulalia.

Najua napaswa kuomba radhi kabla ya kuondoka. Lakini nikimwambia, "Nilikuonea wivu hata siku ya msiba wa mwanao, nikiwa nimekushika mkono," namjua atakachofanya. Atanisamehe papo hapo, aniulize kama nimekula, na atakuwa amenishinda tena. Nisipomwambia, siku hiyo nitalazwa mbele yake na siri hii, naye anapima maji yangu kwa kiwiko.

Binti yangu anasema anaweza kuleta mwoshaji kutoka Nairobi, mtu asiyenijua. Leo alfajiri, huku baridi ya mlimani ikiuma, aliniletea maji ya kutawadha. Nilijikuta nimetia kiwiko kabla ya mkono. Yalikuwa baridi kama barafu, nami nikatamani angeyaleta yule mwingine.

Mama Zena anakuja kesho na uji, na anangoja jibu. Nyinyi nyote mnaosoma ukurasa huu, Waislamu kwa Wakristo, msiniandikie pole, pole ninazo nyingi. Niambieni: je, nimkubalie anioshe na kumweleza ukweli nikiwa bado na ulimi, au nimwite huyo mgeni na kwenda na wivu wangu? Nijibuni mapema, tafadhali. Nifanyeje?