Mapacha wa Mbotela na Unga wa Aina Mbili

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja isiyonitoka: adhuhuri ya jua kali pale mtaa wa Mbotela, Nairobi, nilipopiga hodi kwa Mama Mukhwana nikamkuta anakoroga uji. Nimesikia umepata kazi ya utafiti wa afya. Mama yako amenipigia simu akiringa, na ana haki ya kuringa. Ndiyo maana nimekuita huku kwangu mtaa wa Tena, uketi kidogo unisikilize. Sina maneno matamu. Matamu utaambiwa na wengine.

Wakati ule nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi tu. Baba yangu, Mkamba wa kule Machakos, alikuwa karani kwenye ghala moja karibu na Jogoo Road, na sisi sote tulizaliwa Mbotela katika zile nyumba za kaunsili za chumba kimoja. Nikaajiriwa na watafiti waliotaka kujua kama unga wa uji uliotiwa maziwa, njugu na madini ungewasaidia watoto wadogo waliokonda. Jambo jema kabisa. Watoto wengine wangepewa unga huo mpya, wengine unga wa kawaida wa wimbi na mahindi, kisha wote wapimwe uzani kliniki ili tuone kama kuna tofauti. Nani apewe upi? Tukapiga kura. Kila mtoto alipigiwa kura yake peke yake, ili mtu asije akampendelea jamaa yake. Unga mmoja ulitiwa katika mifuko ya kijani na mwingine katika mifuko ya manjano, na sisi tuliozunguka majumbani hatukuambiwa rangi ipi ni ya unga upi.

Usinielewe vibaya. Kura ni kitu kizuri. Bila kura, aliye karibu na mgawaji ndiye hupata, na mwishowe hujui kama ni unga uliomnenepesha mtoto au ni mamake mwenye uwezo. Niliipenda kura ile mpaka nikawa naieleza kwa majirani kwa kujigamba, kana kwamba nimeibuni mimi.

Mama Mukhwana alikuwa jirani yetu tangu nikiwa mdogo. Kwao ni magharibi, Bungoma. Mumewe alifanya vibarua viwandani, akilala njaa siku ambazo lango halikumfungukia. Walijaliwa mapacha, na kwa desturi yao wa kwanza kutoka aliitwa Mukhwana na wa pili Mulongo. Mulongo ndiye alikuwa mdogo wa mwili, mwenye macho makubwa na kicheko cha haraka. Kura ikampa Mukhwana mfuko wa kijani. Mulongo akapata wa manjano.

Basi adhuhuri ile niliona mifuko yote miwili imefunguliwa kando ya jiko, na sufuria iliyokuwa motoni ni moja.

"Mama, umechanganya?" nikamuuliza.

"Nimechanganya. Karibu kiti."

"Lakini tulikubaliana kila mtoto ale unga wake. Ukichanganya unatuharibia kazi."

Hakukasirika. Aliteremsha sufuria, akafuta mikono kwa leso, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa mtoto nimemwaga maji ya bomba.

"Mwende, wewe na ndugu zako mlikulia mlango wa tatu kutoka hapa. Mamako aliwahi kumpakulia mmoja, mwingine akaambiwa atazame?"

"Hapana, Mama. Lakini wote wamepewa unga."

"Kama unga ni sawa, mbona mifuko ina rangi mbili? Na kama si sawa, niambie, ni mama gani atakaa hapa amchagulie mwanawe ule mbaya?"

Shahada niliyokuwa nayo, mwanangu, haikunifundisha hilo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sisi tulipanga jaribio letu ofisini bila kumkumbuka mzazi hata mmoja. Nilipoanza kuangalia kwa makini nyumba nyingine, niliona hali ni ileile. Mtoto mwenye kijani alikula na binamu yake mwenye manjano. Jirani aliazima kikombe cha unga kwa jirani. Mbotela chakula hakijui jina la mtu mmoja.

Nikaenda kwa mkuu wetu, daktari mwenye sauti ya upole aliyeheshimika sana. Nikamweleza. Nikamwambia kura isipigwe kwa mtoto mmoja mmoja. Ipigwe kwa laini nzima ya nyumba, hata mtaa mzima, wanaokula pamoja wapate unga mmoja. Nilijua ingetaka mitaa mingi zaidi na muda mrefu zaidi.

"Mwende," akasema, "umechelewa. Mpango umeshaidhinishwa."

"Basi tuwaulize akina mama kama wanagawa, tujue ni wangapi. Tukijua, tutaweza kuyasoma matokeo kwa haki."

"Ukiuliza swali kama hilo unajitafutia matatizo. Kazi yako ni kuwaambia wafuate maagizo. Isitoshe, hakuna mama hata mmoja aliyekuja kuniambia anachanganya."

Nikarudi mtaani kichwa kimeinama. Nilipomsimulia Mama Mukhwana, alitikisa kichwa. "Hakuna aliyemwambia? Basi nitamwambia mimi." Nilifurahi, mwanangu. Nilidhani mkuu akisikia kwa kinywa cha mwenyewe ataamini.

Siku ya kupima uzani alikuja na mapacha, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Walikuwa wameanza kunawiri wote wawili; hata Mulongo mashavu yalikuwa yamejaa, na muuguzi alipomtia kwenye mizani alimfinya kidogo kwa mapenzi. Mkuu alikuwapo siku hiyo. Mama Mukhwana alimwendea mbele ya foleni nzima.

"Daktari, shikamoo. Mimi nyumbani kwangu sufuria ni moja. Unga wa hawa watoto naupika pamoja. Nimeona nikuambie, ili usije ukadanganyika."

Yule mkuu alimshukuru kwa sauti yake ileile ya upole. Kisha akamwita muuguzi kando. Wiki iliyofuata Mama Mukhwana alipokuja kuchukua mifuko, aliambiwa watoto wake wameondolewa kwenye utafiti kwa sababu hawakufuata masharti. Asirudi tena.

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Ni kweli. Lakini sikuwahi kuambiwa kwamba wanadamu wanaweza kumfukuza mlangoni, wakakaa na waongo. Maana wale akina mama wengine waliokuwa kwenye foleni waliona. Siku moja tu, habari ikaenea laini zote. Tangu hapo kila nilipopiga hodi nilikuta sufuria mbili jikoni, moja haina hata tone la uji, imewekwa ili niione. "Unagawa, Mama?" "Sigawi, dada." Na mtoto wa jirani amekaa mkekani ana masharubu ya uji mpaka puani. Nilimwambia mkuu hilo pia. Akasema mbona majibu yao yote sasa ni mazuri?

Mvua za masika zikaja. Unajua mitaro ya kule ikijaa. Maji machafu huingia mpaka chini ya kitanda. Watoto wengi walishikwa na kuhara, na mapacha wote wawili wakashikwa. Tangu wafukuzwe, uji wao ulikuwa mwepesi, na zile siku lango la kiwanda lilipomkataa baba yao, haukuwapo kabisa. Walikuwa wamekonda tena. Mukhwana alipona. Mulongo alipelekwa hospitali, akatiwa maji ya mshipa, akakaa siku chache, akafa.

Nilikwenda matangani. Tulikaa nje kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani, wanawake wakiimba nyimbo za kwao.

Utafiti ulipokwisha, matokeo yalisomwa mbele ya wageni. Watoto wa kijani na watoto wa manjano walikuwa sawa. Ndipo tukaambiwa kijani ndio uliokuwa unga mpya. Nawe fikiri: wangekosaje kuwa sawa, ikiwa waliopewa walikuwa wamepunguziwa na walionyimwa walikuwa wameonja? Na watoto wa aliyesema kweli walikuwa wametolewa kwenye hesabu kana kwamba hawakuzaliwa. Nilikuwa nimeandika katika ripoti sentensi moja ya kueleza kwamba majumbani unga uligawanywa. Niliikuta imefutwa. Nilipouliza, nikaambiwa inachafua. Mkuu alisimama akasema unga haukuwa na faida, na waliokuwa tayari kuupeleka mitaa mingine wakafunga mikoba yao. Niliacha kazi mwezi huo. Hakuna aliyenizuia.

Mkuu yeye alipanda cheo. Mpaka leo, mwanangu, nikienda kwenye mikutano nikaligusa suala la lishe, kijana mmoja nadhifu huniambia, "Auntie, ule unga ulijaribiwa Eastlands, kule Mbotela. Haukufaa." Nikieleza, hutabasamu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini haya siyo yanayoniuma zaidi. Baada ya matanga nilimpitia Mama Mukhwana. Alikuwa amekaa mlangoni, Mukhwana amemlalia pajani. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Mwende, ule unga wenu. Kama Mulongo angeendelea kuula, angepona?"

Ningeweza kumwambia ndiyo, nikamchoma moyo. Ningeweza kumwambia hapana, nikamtuliza. Nikamwambia lililo kweli.

"Sijui, Mama."

Akageuka akanitazama. "Mmempima mwanangu kwenye mizani yenu tangu kabla hajaanza kutembea. Na hujui?"

Alihamia kwao Bungoma mwaka uliofuata. Sijamwona tena.

Sasa sikia ninalotaka kukuambia. Mpango mbaya wa jaribio si kosa la karatasi. Ni wizi: unachukua damu ya watu, muda wao na imani yao, halafu huwapi jibu. Kabla hujapiga kura, nenda ukae jikoni mwa watu ujue nani anakula na nani, nani analala na nani, kidonge kikiletwa kitaishia kinywani mwa nani. Kama watu wanagawana, usiwakemee. Panga jaribio lako liwafuate wao. Mtu akikiri kwako kwamba hakufuata maagizo, mshike kama dhahabu, umhesabu palepale kura ilipomweka, wala usimtoe ili hesabu yako ipendeze. Na usimnyime mtoto wake unga kwa kuwa mama yake hakujua kudanganya. Ukiona hakuna tofauti, usikimbilie kutangaza kwamba dawa haifai. Jiulize kwanza kama jaribio lako lilikuwa na uwezo wa kuiona tofauti hiyo. Aliyefumba macho akasema hakuna mtu chumbani hajathibitisha kitu. Na mkubwa wako akifuta sentensi ya kweli, iandike tena. Akiifuta mara ya pili, isome kwa sauti mbele ya watu. Utaitwa mkorofi. Mimi niliondoka kimya, na kimya changu hakikumsaidia mtoto yeyote.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa cheo. Akulinde na sifa za haraka, akupe wakubwa wanaoulizika na wadogo wasiokuogopa. Na siku mzazi yeyote atakapokuuliza kuhusu mwanawe, Mola akujalie uwe na jibu.