Sahani ya Asiyerudi

Mwaka 2017 nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia nikiwa nimesimama kwenye treni ya kasi ya kwenda Sandton, hapa Johannesburg, nilikokuwa nikifanya kazi benki. Nyumbani Mombasa walinitarajia Desemba, kama kila mwaka. Badala yake nikakata tiketi ya Vietnam.

"Unaenda na nani?" dada yangu akauliza kwenye simu.

"Peke yangu."

"Kuna nini huko?"

Nilitaka tu mahali ambapo hakuna anayenijua.

Nilifikia mji wa Hue, wakati wa mvua, na siku za mwanzo nililala tu. Mwenye nyumba ya wageni, mama wa makamo mwenye mvi, aliniletea supu ya tambi chumbani akaniuliza umri wangu. Niliona ni umbea. Binti yake, mwalimu wa Kiingereza, akanieleza kwamba kwao huwezi kumwita mtu kabla hujajua kama ni mkubwa wako au mdogo wako. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo nilielewa mara moja. Tangu hapo nikawa mdogo wake.

Nilipopata nguvu nilikwenda kuiona ngome ya wafalme wao wa zamani. Nilikuta kuta zilizotobolewa na risasi, na nyasi mahali palipokuwa na majumba. Nikaketi kwenye ngazi zilizolowa, sina hamu hata ya kupiga picha.

Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa jamaa. Mezani palikuwa na samaki, mboga, na picha ya kijana. Mbele yake waliweka bakuli la wali na vijiti vya kulia, wakawasha udi.

"Kaka yangu," mama alisema, binti akitafsiri. "Leo tunakumbuka siku ya kifo chake. Alikwenda vitani. Mwili hatukuupata."

"Sasa mlijuaje siku aliyokufa?"

"Hatukujua. Mama yetu alichagua siku aliyoondoka nyumbani."

Udi ulipokwisha kuungua, tukala. Wakasimulia jinsi alivyoiba bata wa jirani, wakacheka mpaka machozi.

Nilirudi Johannesburg bado nimechoka. Fundi wangu wa nguo, mama Mkongomani kutoka Bukavu, alikuwa akinipima sketi nilipomsimulia habari hiyo. Akaacha kupima.

"Mdogo wangu alichukuliwa na watu wa bunduki," alisema. "Sisi tulingojea mwili. Mpaka leo hatujafanya matanga."

"Siku aliyoondoka unaikumbuka?"

"Eish, dada. Nitaisahau namna gani?"

Siku hiyo ilipofika, mwezi wa Machi, alifunga duka akaniita kwake. Tukapika fufu ya unga wa muhogo, kisamvu wanachokiita sombe, na dagaa, akapakua sahani moja akaiweka pembeni. Wanawe, wanaosikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kizulu, waliuliza ile sahani ya pembeni ni ya nani.

"Ya mjomba wenu," akawaambia.

Hawakuwahi kujua kwamba wana mjomba. Basi akaanza kusimulia: alivyopenda mpira, alivyoogopa kuku, alivyoimba vibaya kanisani. Watoto wakacheka. Naye akacheka, kisha kilio kikamshika, kilio kirefu cha miaka yote ile, mpaka chakula kikapoa. Mtoto mkubwa akamshika mkono.

Baadaye mama yao alijinyoosha kwenye kochi, usingizi ukamchukua na viatu vyake miguuni. Nikamfunika kitenge, nikaingia jikoni kuosha vyombo, polepole, nisimwamshe.