Gitaa la Baba Ndani ya Tangi

Nilipotaka kurekodi gitaa la baba, kila mtu Voi alikuwa na ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mmoja: weka mwangwi. Makanisani kwetu mwangwi hufunguliwa mpaka tangazo la harambee linasikika kama limeshuka kutoka mbinguni. Muuza vyombo vya muziki alinionyesha maiki yenye mwangwi wake ndani. "Hii ukikohoa tu, watu wanasema amina," akaniambia.

Sikuinunua. Nilichukua maiki ya mtumba ambayo tundu lake la waya lilikuwa limelegea, na kisanduku cha kuiunganisha na laptopu, kile cha bei ya chini kuliko vyote dukani. Siwezi kusema nilichagua; mfuko wangu ndio uliochagua.

Haraka yangu ilikuwa vidole vya baba. Ugonjwa wa viungo ulikuwa ukivikaza mwaka baada ya mwaka, na kulikuwa na wimbo mmoja alioutunga kabla sijazaliwa, wa gitaa tupu bila maneno. Nimejaribu kujifunza, lakini mkono wangu wa kushoto ni mzito kama mchi. Kama hatungeurekodi mapema, ungepotea, na wazo hilo lilinitia hofu.

Tulianza sebuleni, nyumbani kwetu Sagalla. Makochi na mapazia yalimeza sauti, gitaa likasikika kama linapigwa ndani ya godoro. Nikaongeza mwangwi wa kompyuta, ule unaoiga kanisa kubwa. Baba akavaa hedifoni, akasikiliza kwa makini.

"Sasa hapa umeshanizika," akasema, "na mahubiri bado yanaendelea."

Kumbe mwangwi mzuri tulikuwa nao nyuma ya nyumba, tena wa bure. Tangi letu la saruji lilikuwa limekauka tangu mvua zikatae, na mama alikuwa amelisugua akiingojea mvua nyingine. Baba alishuka kwa ngazi, nikampitishia kigoda na gitaa, kisha nikashuka na maiki. Laptopu ilibaki dirishani jikoni, tayari inarekodi, nyaya zikining'inia mpaka kwetu chini.

Alipogusa uzi wa kwanza nilisisimka. Kuta zilirudisha kila sauti ikiwa nzima, nzito, tamu. Siku hiyo vidole vyake vilikuwa vimeamka vizuri. Alikuwa amefika katikati bila kukosea niliposikia mchakacho kwenye hedifoni. Tundu lile lililolegea, nikajiambia. Nikachezesha waya. Mchakacho ukazidi. Nikainua mkono, naye akaacha kupiga.

"Kuna nini?"

"Ni waya, baba. Iko na kelele. Tuanze tena."

Hakuwa hata amerudisha vidole kwenye nyuzi wakati maji yalipotoka kwenye bomba la paani na kunimwagikia kisogoni. Ilikuwa mvua. Tulikuwa tumekaa bila mvua muda mrefu mpaka nikaisikia inapiga bati na nisiitambue.

"Tokeni humo," mama aliita kutoka juu, akicheka. "Na miguu yenu msiisuuze hapo. Hayo maji ni ya kunywa."

Maiki ilikufa papo hapo. Tangi likajaa, majirani wakashukuru Mungu, na mimi nikashukuru pamoja nao shingo upande.

Nilipopata maiki nyingine, baridi ya mvua ilikuwa imeshika vidole vya baba. Tulirudi sebuleni tukajaribu, na kila alipofika katikati, vilikataa. Mwishowe akaegemeza gitaa kwenye kochi, akafumba macho, akaumalizia wimbo kwa sauti yake mwenyewe, midomo imefungwa. Sikuthubutu kusogea. Maiki ilikuwa bado inarekodi.

Nimeziunganisha zile nusu mbili. Ya kwanza ina gitaa, tangi, na mvua inayoanza. Ya pili ni baba peke yake, sauti kavu, pumzi zake zikisikika kila anapovuta hewa. Nilipomsikilizisha yule muuza vyombo, alitikisa kichwa.

"Huku mwisho umesahau mwangwi. Leta laptopu nikuwekee."

Nilimkatalia. Mwangwi humfanya mtu asikike kama yuko mbali, na baba namtaka hapa karibu, kwa muda wote atakaokuwepo.